Siku Nilipoutoa Mji wa Munje

Mimi sikusoma. Niliiaga shule darasa la nne nikaingia kwenye mchanga: kuuchimba, kuubeba, kuupakia kwenye malori ya watu, mpaka malori yakawa yangu. Leo mtu akijenga kati ya Diani na Msambweni bila kupita dukani kwangu, ujue amejenga kwa makuti. Lakini ukiniuliza najivunia nini kuliko malori, nitakwambia: vitendawili. Nyanya yangu alinilisha vitendawili kabla ya uji, na hapa Munje hakuwa ametokea wa kunishinda. Waulize.

Ndiyo maana binti yangu aliposema amepata mchumba, kijana wa Kinango, fundi wa friji katika hoteli moja ya Diani, sikuuliza habari ya mshahara. Nilisema, "Mtu wa kule kwenye vumbi na ng'ombe, atawahadithia nini wajukuu zangu?"

Binti akanijibu kwa heshima, ila hakupepesa jicho. "Muulize yeye, baba."

Dini yetu ilikuwa moja, na tabia yake nilikuwa nimeipeleleza nikaikuta safi. Kilichobaki ni mimi kuridhika kwamba mtoto wangu haendi kwa watu wasio na maneno. Nikamwambia dada yangu mkubwa, ambaye hakuna harusi ya kwetu inayopita bila kauli yake, "Nitamtega. Akinishinda nitampa binti. Nikimshinda, posa irudi ilikotoka."

Dada akaguna. "Na utakubali kushindwa, wewe?"

Nilicheka mpaka nikakohoa.

Walikuja baada ya sala ya alasiri, kijana na mjomba wake. Wakatoa shikamoo, wakakaa barazani kwangu, kahawa ikazunguka na haluwa. Dada alikaa kizingitini kama hakimu. Wanawake wengine walikuwa ndani nyuma ya pazia, na binti yangu miongoni mwao.

Sasa, mchezo huu una sheria yake. Ukishindwa kutegua, unamlipa mji yule aliyetega. Mji wowote, Lamu, Tanga, hata Nairobi. Yeye anaupokea, anajisifu alivyokula na kunywa huko, mazuri yote anajitwalia, taka anakuachia wewe, ndipo anatoa jibu. Watu hutoa miji ya mbali isiyowahusu. Hakuna mwenye akili anayetoa mji aliokalia.

"Kitendawili!" nikaanza, hata vikombe havijawekwa chini.

"Tega," akasema kijana taratibu.

"Shamba langu halijui jembe wala mvua. Navuna nikiwa majini mpaka magotini."

"Mwani, baba. Ule wa akina mama wa Kibuyuni."

Haya. Hicho hata mtalii angekijua. Nikamtupia kingine: "Kucha kutwa anabisha hodi. Hakaribishwi, na wala hachoki."

Akafikiri sana. "Ni mgeni asiye na haya?"

Pazia zima likacheka. "Nipe mji!" nikasema. Akanipa Mariakani. Nikaupokea kwa mikono miwili. "Nilikwenda Mariakani nikapigiwa ngoma, nikatandikiwa mkeka mpya. Maziwa nimeyanywa mimi, kinyesi cha ng'ombe nimekuletea wewe. Jibu ni mawimbi!"

"Kwetu," mjomba wake akasema polepole, "anayebisha hodi hufunguliwa. Ndiyo maana hakulijua."

Ikawa zamu ya kijana.

"Babu akikunja uso, nyumba nzima hushangilia."

Nikajaribu chungu. Nikajaribu mwezi. Nikajaribu jogoo, sijui kwa nini. Nikatoa Ukunda. Akaupokea kwa adabu, akasema alikula samaki wa kupaka akaniachia miba. Jibu: wingu la mvua.

"Wingu?" nikang'aka. "Wingu likikunja uso hapa, wavuvi hawatoki na vyungu vinalala vitupu! Nani huyo anayeshangilia?"

"Sisi, baba. Ng'ombe wakiliona tu wanainua vichwa."

Nikatazama kahawa yangu. Wingu ni hilo hilo, na kutoka kwangu hadi kwao si safari ya kufunga mizigo. Lakini wao wanalichekea na sisi tunalinunia. Ningewauliza habari za kwao mwaka mzima nisingeambiwa jambo kubwa hivyo kwa maneno machache namna hiyo.

"Tumemzika akiwa hai. Kiu ikitushika tunamfukua," kijana akatega tena.

"Muhogo!" nikajibu upesi.

"Ndugu yangu," dada akasema, "muhogo unaondoa kiu tangu lini?"

Nikautoa Msambweni, pamoja na hospitali yake. Jibu lilikuwa maji ya mchangani, yale yanayochimbwa mtoni mto ukikauka. Mimi, mchimba mchanga wa kutajika!

"Cha mwisho, baba. Mwanangu halii kwa kinywa, hulia kwa shingo."

"Kuku anayechinjwa!"

Hata mjomba alishindwa kujizuia, kahawa ikampitia puani. Kijana akatikisa kichwa, akaomba mji. Dada akanong'ona, "Toa Mombasa, yaishe." Lakini mimi si mtu wa kutoa vya wengine nikajifanya mkarimu. Kila nilicho nacho nimekijenga kwa mikono hii. Nikasimama. "Mombasa si yangu. Nakupa Munje!"

Ndani mtu akasema, "Yallah!"

Kijana naye akasimama. Nilimsubiri anitupie taka, kwa kuwa ni haki yake. Akasema: "Nilikwenda Munje. Nilikuta mzee aliyejenga nyumba kwa mchanga alioubeba mwenyewe, nikapewa kahawa kabla sijaulizwa jina. Mazuri yake nimeyachukua. Na taka zake nazichukua pia, sikumwachia mtu. Jibu ni ng'ombe aliyevikwa kengele."

Nimesikiliza watu wakipokea miji tangu utotoni. Sijamsikia aliyechukua na taka.

Dada akapiga paja. "Umekwisha, ndugu yangu! Ulisema huyu ni wa vumbini, sasa ndiye mwenye mji. Wewe na malori yako mnakaa kwake. Muombe ruhusa."

Wengine wangekasirika. Mimi najua kupokea mzigo mzito, ndiyo kazi iliyonitajirisha. Nikamgeukia kijana, nikaweka mkono kifuani. "Mwenye mji, naomba nikae hapa hapa barazani."

"Kaa, baba," akanijibu, sasa akitabasamu. "Lakini kuna mtu wangu mmoja yuko nyuma ya pazia. Huyo nakuja kumchukua."

"Njoo na kengele," nikamwambia, "tukusikie ukiwa mbali."

Sikuwahi kutamka neno la kukubali. Vigelegele vilikuwa vimeshanitangulia.