Kaseti Mbili na Pile Zilizoanikwa Juani

Siku nne nilikaa nyuma ya baiskeli ya baba, kutoka Wamaza hadi Kasongo, miguu imekufa ganzi. Kitu cha kwanza nilichokiona uani kwa shangazi kilikuwa pile sita, betri za redio ya kaseti, zilizopangwa juu ya bati, zikiota jua kama dagaa. Tangu hapo nimehama miji mingi, lakini harufu ya bati la moto hunirudisha uani pale.

Baba aliniacha pale nisome. Nilikuwa na miaka kumi. Shangazi, Mama Feruzi, aliongoza kwaya ya kanisa. Mumewe alitengeneza baiskeli. Mtoto wao wa pekee, Feruzi, alikuwa ameondoka bila kuaga kwenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi, na kila mmoja alimlaumu mwenzake. Fufu, ule ugali wa muhogo, ilipakuliwa kimya, ikaliwa kimya. Niliogopa kwamba wangeachana, nami nirudishwe Wamaza, ambako hapakuwa na shule.

Ni Jumapili tu, baada ya ibada, sauti zao zilisikika. Mwalimu mmoja aliyehama aliwaachia kaseti mbili, moja nyekundu, moja nyeupe. Zote zilikuwa na simfoni ileile, ya Mjerumani mmoja wa miaka mia mbili iliyopita, ila kila kaseti ilikuwa na okestra yake. Tulisikiliza sehemu ya pili, ile ya matanga, ambapo violini hutembea chinichini na filimbi inalia juu yake. Nyekundu kwanza, kisha nyeupe. Kisha ubishi.

"Hii nyekundu wanakimbia kama wanazika mutu wa kijiji ingine," alisema Baba Feruzi. "Nyeupe ndiyo wanajua kulia."

"Nyeupe wamelala," shangazi alimjibu. "Kwaya yangu ikiimba vile, watu watarudi nyumbani mbele ya amina."

"Wewe unapendaga mbio. Hata fufu yako haiivagi."

"Na sahani unaimalizaga."

Kuanika pile ilikuwa kazi yangu. Jua liliziongezea nguvu kidogo, za kutosha ubishi mmoja. Jumamosi moja, nikiwa peke yangu, nilianza na kaseti nyeupe, kwa kutaka kujua tu. Ikakimbia. Nilipoweka nyekundu, pile zilikuwa zimeanza kuchoka, na matanga yakajikokota hadi filimbi ikalia kwa sauti ya mzee. Nikaelewa kwamba hawakuwa wakilinganisha okestra. Walikuwa wakilinganisha pile zilizoshiba na pile zenye njaa.

Kesho yake nilitoka na redio, habari yangu ikiniwasha ulimini. Nikawakuta wameshakaa kwenye benchi moja, wakinisubiri. Nikameza maneno yangu, nikaweka nyekundu kwanza, kama kawaida.

Wakabishana. Katikati ya ubishi Baba Feruzi akasema, "Feruzi angechagua nyekundu. Alifanana na wewe."

Mtoto huyo hakuwa ametajwa nyumbani kwa mwaka mzima. Jioni ile yeye na shangazi walikaa pamoja wakiniandikisha barua ya kumpelekea Feruzi huko Lusangi.

Siri yangu niliitunza hadi nilipomaliza sekondari, siku niliyohama Kasongo kabisa. Feruzi, aliyekuwa amerudi zamani na mikono yenye sugu, alikuwa akifunga sanduku langu kwenye pikipiki. Shangazi akanivuta pembeni, nami nikaona aibu kuondoka bila kuungama.

"Tantini, zile kaseti. Ilikuwa ni pile tu."

"Najua," alisema, akininyooshea kola. "Tangu mbele ya wewe kufika kwetu."

"Na Baba Feruzi?"

"Yeye ndiye aliniambia."

Pikipiki ikaondoka. Miaka yote nilikuwa nimejiona mlinzi wa nyumba ile, kumbe wao wenyewe walikuwa wakiilinda, kila Jumapili, kwa muziki na matusi madogo. Baadaye, katika mji wenye umeme, nilizisikiliza okestra zote mbili. Nyeupe ndiyo yenye haraka. Sijawahi kuwaandikia jambo hilo.