Hatua Kumi Kutoka Ukingoni

Bango la barabarani bado linasema "Ndugu Watano", ingawa minara ya mawe iliyobaki baharini ni miwili, na mmoja umeliwa na mawimbi chini hata kuutazama kunatia hofu. Wageni hushuka kwenye magari yao, wakahesabu, kisha wakamkodolea macho mlinzi wa ukingo kana kwamba ndiye aliyewaiba watatu.

"Wamekwenda kuoga," huwaambia. "Hawajarudi."

Wenyeji humwita Mzee Kamba. Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ni moja: kamba ya kuwazuia wageni ikae hatua kumi kutoka ukingoni. Kila mwaka mvua kubwa zikiisha, ukingo ukiwa umemeguka, hung'oa vigingi, akahesabu hatua kumi, akavipigilia upya. Kwenye daftari la ofisi ya barabara huandika: kumi. Kila mwaka kumi, na wakubwa huridhika kwamba hakuna kilichobadilika. Na yeye pia aliliamini daftari lake. Mkewe alipofariki, alimzika hapo hapo, kwenye kiwanja chao kati ya kamba na barabara.

"Shemeji, bahari haina adabu," kaka wa marehemu alimwonya.

"Iko mbali. Hapa ataniona nikifanya kazi."

Majuto ni mjukuu. Mwaka huu alihesabu hatua kumi, akajikuta amelipita kaburi. Akarudia kwa hatua fupi fupi, kaburi likapona. Kisha akakumbuka watoto wa wageni wanavyokimbia mbele ya wazazi wao, akaona haya, akahesabu sawasawa. Kaburi likabaki upande wa bahari.

Shemeji alikuja na jembe ili wamhamishe dada yake. Alipoona nyufa kwenye udongo, alilitua jembe polepole na kulia.

"Tukichimba, tutakwenda naye sote."

Basi kila asubuhi Mzee Kamba huivuka kamba yake mwenyewe, akanyata, akang'oa magugu kaburini. Juzi mama mmoja mgeni alimwona, akapiga kelele:

"Mzee! Rudi nyuma ya kamba! Utaanguka!"

Alisimama na magugu mkononi. Maneno hayo yalikuwa yake. Alikuwa ameyasema mara elfu, na hakuwahi kumvumilia aliyeyabishia.

Akarudi, akamshukuru yule mama. Mkewe akabaki huko.