Paa la Shevroleti

Valentino angesema pole, hata iwe ya kinafiki, Bernadetha angemshonea paa la maana. Hakusema. Alisimama mlangoni pa kibanda cha Bernadetha pale Lipangalala, mjini Ifakara, akacheka, akamwita "Bibi Harusi wa Pawatila" mbele ya wateja, ndipo akaeleza shida iliyomleta.

Bernadetha ni fundi wa kushona maturubai na viti vya magari. Jina hilo la utani alilipata mwaka 2003, siku ya ndoa yake. Baba yake alikuwa amekodi Shevroleti ya Valentino, gari jekundu la Kimarekani, refu, la kufunua paa. Siku hizo binti aliyeolewa Ifakara bila kulipanda alionekana kaolewa nusu. Wakiwa njiani kutoka Kiberege kwenda kanisani, bwana mmoja mwenye duka kubwa akawafuata na pikipiki, naye anataka gari kwa harusi ya mwanawe. Valentino akamteremsha bibi harusi kando ya barabara, akasema anarudi sasa hivi. Mpaka leo hajarudi. Bernadetha alifika kanisani na pawatila, hiyo hiyo ya kulimia majaruba ya mpunga, shela limejaa tope, na mji mzima ukacheka. Wanawe wamekua wakitaniwa kwa jina hilo.

Sasa Shevroleti yenyewe ndiyo imekuwa kichekesho. Injini ni ya Hilux, taa moja ni ya pikipiki, sakafu imeliwa na kutu, paa limetafunwa na panya. Maharusi wa leo wanataka Toyota nyeupe yenye kiyoyozi, maana vumbi halichagui shela. Lakini Valentino alikuwa anamwoza bintiye Paulina, na alitaka watu waone paa likifunuka taratibu mbele ya kanisa, bibi harusi yumo ndani. Ndiyo sifa pekee iliyokuwa imelibakia lile gari.

Bernadetha akakubali. Alishona kwa raha, huku akiimba. Asubuhi ya harusi akalifunga paa kwa mkono wake, akalikaza kwa ribiti, vile vipini vya chuma ambavyo vikishabanwa havifunguki, pande zote mpaka kwenye fremu ya kioo cha mbele, akazificha ribiti kwa utepe mweusi. Akamwambia Valentino gundi haijakauka, asiliguse mpaka misa iishe. Mjinga yule akashukuru.

Misa ikaisha. Paulina na mumewe wakaketi nyuma, watu wakainua simu. Valentino akavuta paa. Wapi! Akavuta tena, jasho linamchuruzika. Ndani kulikuwa na joto la kuoka mkate, na kwenye kidirisha cha nailoni kilionekana kivuli tu cha bibi harusi akijifuta machozi. Vijana wakaanza kusema afadhali iletwe Toyota.

Bernadetha alimwonea huruma binti wa watu, kusema kweli. Lakini miaka zaidi ya ishirini ya kuchekwa haifutiki kwa machozi ya asubuhi moja. Akasogea mpaka ubavuni pa gari, Valentino amwone vizuri.

Valentino akabandua utepe, akaziona ribiti. Safari hii hakucheka.

"Bernadetha," alisema kwa sauti ndogo, "umenifanya nini?"

Kumbe jina lake analijua! Bernadetha akatoa kwenye pochi kisu chake cha kukatia turubai, akamkabidhi.

"Ukitaka mwanao aonekane, kata."

Valentino akalitazama gari, akamtazama binti yake, akakata. Alichana turubai kutoka mbele mpaka nyuma. Vyuma vya paa vilivyokwisha kuoza, ambavyo sasa vilishikiliwa na turubai tu, vikakatika, vikaning'inia nje ya milango, na kila aliyekuwa pale alijua Shevroleti haitabeba harusi nyingine. Paulina akasimama katikati ya matambara, macho mekundu, shela limekwenda upande.

Bernadetha akapiga vigelegele kwa nguvu zake zote. Wanawake wakadhani anamshangilia bibi harusi, wakapokea.