Eksasaizi ya Mzee wa Naipingo

Juzi nilipanga foleni katika zahanati moja hapa Nachingwea. Mbele yangu alikuwa mzee wa Naipingo, aliyeng'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu hadi mgongo ukapinda. Daktari Mzungu aliuliza kwa Kiingereza, karani akatafsiri.

"Mzee, unafanya eksasaizi?"

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Kuuchosha mwili kwa makusudi, upate afya."

Mzee alivitazama viganja vyake, akavigeuza. "Nimeuchosha miaka yote. Hiyo afya kaichukua nani?"

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema huwa anafanya," karani akajibu.

Daktari akatabasamu: basi, azidishe.

Kiingereza tunakisoma kwa bidii. Sijui ni lini tutakitumia kusema alichosema mzee yule.