Mkono wa Mzee Lemayan

Hebu mwone Tabea akifika. Usitege sikio, utachelewa, tumia macho. Pale Mikumi, njia ya Kilosa inapoachana na barabara kuu, inakuja bajaji nyeupe isiyonguruma wala kutoa moshi. Utasikia tairi tu zikisaga kokoto, na hapo ujue imeshakukaribia. Kwenye usukani amekaa mwanamke mrefu wa Kimasai, shuka la bluu, shanga shingoni, uso umetulia kama mtu anayekamua ng'ombe aliyemzoea.

Tangu biashara ilipoachiwa watu binafsi, njia panda ile imeona mengi: mabasi ya matajiri, mitumba, simu, bodaboda. Kwa hiyo bajaji za umeme zilipofika juzi juzi, watu hawakushangaa sana. Walichoshangaa ni kwamba ya kwanza iliendeshwa na binti wa wafugaji wa Rudewa.

"Dada Tabea, hilo dude lako ni bajaji au jini?" vijana wa bodaboda walimtania.

"Jini halichajiwi," alijibu. "Panda au pisha."

Lakini kilichompa jina ni adabu yake. Tabea hakumsalimia mzee huku yeye amekaa kitini. Kwao, mtoto humpelekea baba kichwa: anainama, mzee anamwekea kiganja utosini, ndipo maneno yanaanza. Na baba si yule aliyekuzaa tu. Mwanamume yeyote wa rika la baba yako ni baba. Basi kila alipomwona mmoja wao kando ya njia, alisimama, akashuka, akainamisha kichwa. Abiria waliguna siku za mwanzo, halafu wakazoea. Hata wakulima wa pale waliwaambia binti zao, "Mwoneni mwenzenu, ana chombo cha kisasa na adabu hajaitupa."

Sasa nifuate polepole. Bajaji ya petroli ukishuka inawaka, yenyewe inakukumbusha: inatetemeka, inapiga kelele. Ya umeme ikisimama, imesimama kama meza. Kuna taa ndogo tu ya kijani, pale mbele, inayosema kwamba iko tayari kwenda. Tabea alikuwa akishuka na kuiacha ile taa ikiwaka. Kila siku. Na halikuwahi kutokea jambo.

Siku hiyo, asubuhi kweupe, alikuwa amembeba mama Raheli, muuza vitunguu kutoka Malolo. Nyuma kulijaa magunia, kwa hiyo kapu la mama Raheli liliwekwa mbele, miguuni pa dereva. Walipofika duka la unga, alikuwepo Mzee Lemayan, rika moja na baba yake Tabea, ameshuka basi sasa hivi, ameupa mgongo ukuta wa duka.

Tabea akasimamisha, akashuka mbio mbio, akaenda mbele yake na kuinama. Alichokuwa akikiona ni viatu vya mzee tu, vile vya tairi. Kiganja kikatua utosini.

"Takwenya," mzee akamsalimia.

"Iko," Tabea akaitikia.

Nyuma yake, mama Raheli naye ameshuka. Anataka kapu lake. Kapu ni zito, basi akashika usukani upande wa kulia ili ajiinue nalo. Upande huo ndio wenye mkono wa mafuta, ule unaozungushwa ili chombo kiende. Madereva bado wanauita hivyo ingawa hakuna mafuta hata tone. Uzito wa mama ukauzungusha.

Bajaji iliruka. Kimya kimya, ndugu yangu! Hakuna mlio uliotangulia, hakuna wa kusema "jihadhari." Mama Raheli akaanguka na vitunguu vyake. Na kile kiganja kilichokuwa utosini mwa Tabea kikageuka, kikamsukuma pembeni kwa nguvu zote. Bajaji ikampata mzee mwenyewe, ikambana mguu ukutani.

Watu wakaja wanakimbia. Goodluck, kijana wa bodaboda mwenye kifua kama mlango, akawa wa kwanza. Akaushika usukani na kuvuta nyuma. Bajaji ikasonga mbele. Akavuta zaidi. Ikasonga zaidi! Maskini, mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya ule ule mkono wa mafuta, na kila alivyouvuta kuja kwake ndivyo alivyokuwa akiiamuru iende. Mzee Lemayan akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima.

"Zima! Zima!"

"Imeshazimwa, haina sauti!"

"Goodluck, achia! Achia usukani!" Tabea alipenya katikati ya miguu ya watu, akaipapasa swichi, akaizungusha, akaichomoa funguo. Ndipo chombo kikalegea. Wakakisukuma nyuma kwa kushika bodi, mtu akaweka jiwe kwenye tairi, wakamtoa mzee. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Goodluck alikaa chini akiangalia viganja vyake. "Nilikuwa namsaidia," alisema. "Wallahi nilikuwa namsaidia." Mama Raheli alirudia jambo moja tu mpaka jioni: "Mimi nimeshika tu."

Bajaji ikapelekwa kwa fundi Urbanus. Akaiinua magurudumu ya nyuma juu ya vigogo, funguo akaitia mfukoni mwake, ndipo akaanza kukagua. Tabea alisimama mlangoni akiomba moyoni likutwe kosa, waya uliolegea, chochote.

"Nzima," Urbanus akasema. "Imefanya ilichoambiwa."

"Na wewe, kaka, mbona umeinyanyua?"

"Siigusi ikiwa chini. Siku ya kwanza kuletewa ya umeme niliikuta imelala kimya hivi hivi, ikanipeleka mpaka kwenye lile pipa." Akamtazama. "Hukuambiwa? Funguo kwanza, jiwe kwenye tairi, halafu ndiyo ufanye mengine."

Neno hilo lilimpiga Tabea kuliko ukelele wa mzee. Alirudi nyumbani hakula.

Aliporudi barabarani, funguo ilifungwa kwenye uzi wa shanga, na jiwe likakaa chini ya kiti. Akimwona mzee, anavuta breki ya mkono, anachomoa funguo na kuivaa shingoni, anaweka jiwe, ndipo anakwenda kuinama. Wazee wakaanza kunung'unika. Aliyekuja juu zaidi ni baba yake mdogo, Mzee Sapit, ambaye ng'ombe wake ndio waliouzwa bajaji ikanunuliwa.

"Mkono wa mzee unangoja hewani, wewe unacheza na mawe? Ukisalimia umekaa ni dharau. Ukichelewesha ni dharau. Chagua: jiwe au mzee. La sivyo hiyo bajaji naiuza."

"Baba, ule mguu uliuona?"

"Niliuona. Na mwenye mguu ndiye atakayeamua, si wewe. Akiridhika, utaendesha. Akiudhika, unashuka."

Mguu ulipounga kidogo, Mzee Lemayan akaja, akitembelea gongo, akasimama pale pale mbele ya duka la unga. Mzee Sapit kando yake, mikono kifuani. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki zao bila kuambiwa.

Tabea akafika. Mzee Lemayan akainua kiganja, kama alivyozoea maisha yake yote. Tabea akavuta breki. Funguo ikaingia shingoni. Akachukua jiwe, akapiga goti kando ya gurudumu, akainamisha kichwa kulitia vizuri.

"Unaona?" Sapit akasema. "Gurudumu limeinamiwa kabla yako."

Mwili wote wa Mzee Lemayan umeegemea gongo, na ule mkono uliomsukuma Tabea siku ile uko juu, umeanza kuchoka. Akautazama mguu wake. Akalitazama jiwe.

Nawe unayesoma, mkono ule ungekuwa wako, ungeushusha kwa kuudhika, au ungengoja kichwa kije?