Hesabu ya Mteremko wa Mugoma

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu gari jembamba likikata jangwa, mitambo ikipima mwendo wake. Nikasikia harufu ya mbao zinazoungua.

Ilikuwa wakati wa vita. Baba alikuwa jeshini, na Mama ndiye aliyebeba ndizi kwa baiskeli ya mbao ya Baba. Baba mdogo hakupenda.

"Shemeji, hicho ni chombo cha wanaume. Niachie mimi."

"Na nikikushinda mteremkoni?"

"Ukinishinda, ni chako."

Hatukuwa na saa. Watoto tulisimama juu ya kilima tukahesabu kwa sauti mpaka baiskeli ifike darajani. Baba mdogo alishuka kwanza, akafika kwenye hesabu ya kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kumpita.

Mama akafunga kanga kiunoni, akapaka mawese kwenye ekseli za magurudumu, akajiachia. Magurudumu yalilia, mbao na mawese vikatoa moshi. Mimi niliamini kwamba kila namba tunayotaja inamwongezea mzigo. Wenzangu walipohesabu kama kawaida, mimi nilizitaja namba polepole, nimefumba macho, nikimwonea huruma. Leo najua namba haina uzito.

"Kumi!" walipiga kelele. Mama alikuwa darajani.

Alirudi akisukuma baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope, wanawake wakimpigia vigelegele. Akaniinamia.

"Wewe umehesabu ngapi?"

"Saba," nikasema.

Akamgeukia baba mdogo.

"Umesikia, shemeji? Saba."