Randang Laini ya Yulinar

Idi ya pili, watoto wa ukoo wetu hawaendi kucheza mbali. Wanajazana kwenye ngazi, macho njiani, wakimngoja wifi yangu Yulinar atokee na beseni lake kichwani, maana hakuna ajuaye safari hii kabuni nini. Mwaka mmoja alileta maua ya migomba, kayapika yakawa na ladha ya maini, watu wazima wakagombea. Mwaka mwingine parachichi na kahawa, vimegandishwa ndani ya vikombe vya mianzi. Juzi juzi hapa kaleta samaki mzima na magamba yake na mapezi yake. Kumkata, loo, ni papai bichi na unga wa mchele! Vitukuu walipiga kelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani kafiwa.

Waliozaliwa jana wanadhani alipendwa hivyo tangu mwanzo. Wapi! Mimi nilikuwepo. Ilibaki kidogo tu chakula cha Idi kimwachishe mume.

Yulinar ametoka juu kule mtoni, kwa watu wafugao bata. Ndugu yangu Bakhtar alimwona sokoni akibishana na mnunuzi juu ya mayai, akacheka, na moyo wake ukabaki hapo. Lakini mama yetu, tuliyemwita Amai, alikwisha kuchagua mkwe wake: Asnimar, binti wa Mjomba Datuk. Kwetu kijana akimwoa binti wa mjomba wake nyumba nzima inalala usingizi mzuri. Bakhtar akakataa, akamwoa Yulinar. Amai akakubali kwa mdomo, na kwa mdomo tu.

Na kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Ukoo wa mume ukimchoka mkwe, mjomba humwita kijana pembeni akamwambia: kunja nguo zako, urudi kwa mama yako. Yameisha.

Idi yake ya kwanza Yulinar akaja kwa mama mkwe na vyakula vyake, kama desturi. Vyakula vingi, lakini kinachotazamwa ni kimoja, ile randang, nyama ya nyati wa kulimia inayopikwa katika tui na viungo kutwa nzima mpaka tui likauke, nyama iwe nyeusi na ngumu ya kukaa mwezi bila kuharibika. Ya Yulinar ilikuwa nzuri, nasema haki ya Mungu. Amai akatia kipande mdomoni, akakigeuza huku, akakigeuza kule, asiombe kingine.

Mama Mdogo Rabiah, mdogo wake Amai, ndiye aliyeitoa nje habari hiyo.

"Dada kaitia, kaigeuza, basi. Mkwe hajapita!"

Magharibi haijaingia, soko zima lilikwisha kujua. Mwaka uliofuata, Ramadhani ikiwa ukingoni, Mjomba Datuk akatamka wazi kwamba Amai akiikataa tena randang ya yule binti, wakimaliza kula tu atakuwa na neno na Bakhtar.

Siku chache kabla ya Idi nilikuwa bwawani nasugua masufuria. Yulinar akanijia, akachutama karibu yangu.

"Wifi, kuku wenu mnawalisha nini?"

"Mahindi na pumba," nikasema, nikavimba kidogo, maana kuku wangu walisifiwa. "Wamenona, eh?"

"Wanakula randang."

"Kuku gani wa kula randang, we mtoto? Saumu imekupanda kichwani?"

"Idi ile nilipita kati ya nguzo, chini ya nyumba, kuchota maji ya kunawia. Nikawaona wamejazana mahali pamoja, chini ya pale anapokaa Amai, penye ule ufa wa sakafu. Kikadondoka kipande. Kikadondoka kingine. Wifi, si changu tu. Cha Mama Mdogo Rabiah kilidondoka. Na chako."

"Changu?"

"Chako, wifi. Yule jogoo mwekundu alikimbia nacho."

Nikaacha kusugua. Yakaanza kunijia moja moja. Tambuu Amai alikuwa haitafuni tena, akiitwanga kwanza kwenye kinu kidogo cha shaba. Daku lake siku zote uji, eti tumbo. Na akicheka anaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Amai hakuwa na meno! Yale mawili ya mbele yalikuwa ya kuitikia salamu tu. Na huyu ndiye mwanamke aliyewafundisha nusu ya kijiji kupika randang, aliyezoea kusema randang isiyogombana na jino ni mchuzi. Angekufa na njaa kabla hajalitoa hilo mbele ya watu.

"Tumwambie tunajua?" nikauliza.

"Umwambie wewe," akasema. "Ukalale na hao kuku."

Tukacheka mpaka maji yakatumwagikia. Halafu akafuta macho, uso ukabadilika. "Wifi, mimi sitaki kurudishiwa Bakhtar mlangoni na mjomba. Nitampikia Amai randang inayofanana na za wengine wote, ajue yeye peke yake. Lakini sinia utaliweka wewe."

Sikieni alivyofanya. Alichukua muundi wa nyati, akauchemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Akaitwanga kinuni ikawa nyuzi kama za hariri. Akakaanga nazi iliyokunwa mpaka ikawa ya kahawia, akaitwanga nayo mpaka ikatoa mafuta. Akavichanganya, akashikisha kwa yai la bata, akafinyanga mapande, na si duara kama maandazi. Akayapa pembe, akayapa na mistari kwa wembe wa mwanzi kama nyama inavyokuwa na mistari yake. Akayapika kwa mvuke ndani ya majani ya bizari ya manjano, ndipo akayazamisha kwenye karai la randang ya kweli, dakika za mwisho, yakanywa weusi na mafuta. Aliponiuliza iliyotwangwa ni ipi, nilinyoosha kidole kwenye nyama ya kweli nikasema, "Ni hii." Akaruka kwa furaha.

Sasa, kwetu Idi ya pili tunakula watu watano sita kwenye sinia moja, wali katikati, vitoweo vimeuzunguka, na kila mtu anakula upande wake. Mkono kuvuka sinia ni aibu kubwa. Amai alitupiga migongo ya mikono kwa mwiko tukiwa wadogo, mpaka leo wangu unakumbuka. Kwa hiyo mpango ulikuwa mwepesi: mapande laini yakae ukingo mmoja, mimi niugeuzie kwa Amai. Nani atayagusa?

Nyumba ilijaa. Wanaume kule mbele na Mjomba Datuk, wanawake huku, wakwe chini kabisa karibu na mlango wa jikoni. Nikaliweka sinia la Amai kwa mikono miwili, ukingo mahali pake hasa, nikamkonyeza Yulinar. Nikaenda kuleta maji.

Narudi, sinia limegeuka!

Kichwa cha samaki kilikuwa upande wa Amai, na Mama Mdogo Rabiah na kichwa cha samaki mnajua, hata msibani anakitafuta. Alipoona dada yake anazungumza, akalizungusha sinia taratibu kama mtu anayefungua kifuniko. Sasa mapande laini yote yako mbele yake, na mbele ya Amai randang ngumu kama kuni. Kulizungusha tena mbele ya watu siwezi. Nikamtazama Yulinar pale mlangoni. Mikono kaibana mapajani.

Wakasoma dua. Wakaanza.

Amai akachukua kipande, akakitia mdomoni, akakigeuza. Nikaona kiwiko chake kinasogea kuelekea kwenye ufa. Kule mbele Mjomba Datuk kanyoosha shingo, anaangalia. Nikasema basi, kwisha.

Mama Mdogo Rabiah akamaliza kichwa chake cha samaki, akalamba vidole, akachukua pande. Likamvunjikia mkononi.

"Ala! Nyama gani hii?" Akaonja. "Yallah, inayeyuka! Nani kaleta? Mkwe, hii ndiyo randang ya kwenu kwa bata? Jamani njooni muone, imetwangwa kama ya mtoto asiyeota m..."

Hakufika. Mkono ulikuwa umevuka sinia.

Mkono wa Amai! Ulipita juu ya wali, ukapita juu ya samaki, mbele ya wanawe na wajukuu na ndugu yake mwenye cheo, ukachukua pande upande wa Rabiah. Amai akalitia mdomoni. Taya likatembea, likatembea, na nikaona kitu ambacho sijui tangu lini hakijaonekana: shingo ya mama yangu ikimeza nyama.

Mkono ukavuka tena. Ukarudi na mawili.

"Dada," Mama Mdogo Rabiah akasema polepole, "huu ni upande wangu."

"Upande wa kichwa cha samaki ulikuwa wangu. Unadhani sikukuona?" Amai akasema huku anatafuna, mtandio kausahau. "Hili sinia liligeuzwa na mwizi, nami nalirudisha. Kula kimya."

Watu wakapasuka kicheko. Amai akaendelea kula. Alipotulia akainua uso akatafuta mlangoni.

"Yulinar! Unakaa huko kama mtu aliyekuja kuomba moto? Nani alikuambia ukae huko?"

"Ni desturi, Amai."

"Leo desturi nimekwisha kuivuka mara mbili, ya tatu haitaniua. Njoo hapa. Rabiah, sogea."

Mama Mdogo Rabiah akasogea. Yulinar akaja kwa magoti, akakaa bega kwa bega na Amai, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka, na Amai akausukuma wali mbele yake kwa mkono ule ule.

Mjomba Datuk akakohoa. "Bakhtar," akaanza, "nilikuwa na neno..."

"Neno gani?" Amai akadakia kutoka huku. "Watu wanakula."

Mjomba akatazama sinia la mbele yake, akatutazama sisi wanawake, akapangusa masharubu.

"Nilitaka kuuliza tu," akasema, "hiyo laini kama imebaki."

Nikachungulia beseni la Yulinar. "Imekwisha, Mjomba," nikamjibu, na ilikuwa imekwisha kweli.